Tarakimu ya Tatu

Daftari hili alilipigia mistari baba mkwe wangu, Hermógenes,
kwa rula ya mbao na penseli ya seremala.
Safu ya mvua aliipa upana wa tarakimu mbili.
"Zinatosha," alisema.
Na zilitosha, miaka thelathini na minne:
kila saa mbili asubuhi, mimi na buti zangu,
nasoma kina cha usiku kwenye kipimo cha kioo.
Kumi na tisa. Arobaini na moja. Sifuri.
Sifuri. Sifuri.

Sifuri nazo zina habari zake.
Ukame ule tuliupa jembe siku ya tatu, kama mgeni yeyote,
ukalichukua, ukachimbia kaburi la kisima chetu.
Kwa hiyo asije mtu kuniambia hatukuiomba mvua.
Tuliiomba. Tulimtembeza Mtakatifu Isidro shamba zima la viazi
hadi viatu vyake vya plasta vikawa vyeupe kwa vumbi.

Jumatano moja ya Juni, Millaray alinipigia simu kutoka Valdivia,
yule msichana anayezikusanya namba zangu.
"Mama Eduvigis, unakuja mto."
Nikachungulia dirishani. Biobío uko palepale, umejilaza.
"Si huo. Wa juu."

Akanieleza: ukanda wa mvuke,
mrefu kuliko hata nchi yetu hii iliyo kama kamba,
unatoka huko bahari ilikovuguvugu,
hauna kingo, hauna samaki, hauna daraja,
umebeba maji ya Biobío kumi na zaidi,
na ukigota milimani
hukamuliwa kama shuka.

"Mto huo ulikuwepo siku zote?"
"Siku zote. Mababu zetu wamekunywa humo.
Ila hewa ni mfuko, Mama, na mfuko ukipata joto hutanuka.
Kila nyuzi moja, asilimia saba ya maji juu yake."
Hakusema mvua hii ni mtoto wa joto lile.
Ni mwangalifu. Alisema *huenda*, alisema *uwezekano*,
kisha akanyamaza, nikamsikia akimeza mate.

Saa tisa usiku nikatoka na tochi.
Kipimo kimejaa pomoni, kinatema.
Nikasoma, nikamwaga, nikakirudisha kwenye nguzo,
nikainua uso.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Mvua ya Juni, mvua ya baridi yetu kuu,
ilikuwa ya uvuguvugu
kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Nikajua kwamba kule Andes hakuna theluji inayoanguka.
Yanaanguka maji,
na theluji ya Mei inayeyuka, inayafuata.
Akiba yetu ya Desemba, ya kunyweshea maharage,
inateremka gizani yote kwa mkupuo,
inatujia mlangoni
kabla hatujawa na kiu.

Kulipopambazuka lilipita jokofu, limesimama wima,
ratiba ya shule ya mtoto wa watu bado imebandikwa mlangoni.
Ilipita mizinga ya Nibaldo, mitano, kwa mstari, kama wanafunzi.
Nibaldo mwenyewe alikuwa juu ya paa la kanisa
na nguruwe wake wawili, anawafunika kwa koti lake.

Saa mbili asubuhi nikajumlisha. Nikajumlisha tena.
Mia moja themanini na saba.
Nane na saba zikakaa safuni, zimebanana.
Moja nikaiandika nje ya mstari,
pale ukingoni ambapo Hermógenes aliacha nafasi
ya kidole gumba, ya kushikia ukurasa.

Sasa daftari limeisha.
Mjukuu wangu Ailén amekaa mezani na jipya,
rula ipo, penseli kaichonga.
"Bibi, safu ya mvua niipe upana gani?"

Nimemwambia asubiri kidogo,
natafuta miwani.
Miwani ninayo usoni.